Mdogo wangu anataka kusomea saikolojia ya forensiki. Kazi hii ikoje hasa, na huku Kusini ina nafasi?

#1 Binti wa Shangani

Wakuu, habari za jioni. Umeme umerudi huku Mtwara, acha niweke hili kabla halijakatika tena.

Mdogo wangu wa kiume kamaliza kidato cha sita na sasa hana wimbo mwingine: anataka saikolojia ya forensiki. Baba aliposikia saikolojia akauliza kama ni udaktari. Aliposikia forensiki akauliza kama ni kupasua maiti. Mama kauliza moja tu, mshahara analipa nani. Dogo mwenyewe ukimbana anakueleza mambo ya tamthilia: mtu anaingia chumba alimouawa mtu, anatazama ukuta, anasema muuaji ana miaka 34, kalelewa na bibi na anaogopa maji.

Fani hii ipo kweli? Watu wake wanashinda wakifanya nini? Na mtoto wa huku akiisomea, atarudi Mtwara kufanya nini? Ada yenyewe ni ya korosho, na bei ya korosho mnaijua.

#2 Bodaboda Chikongola

Mwambie akasomee kuendesha malori. Bandarini kuna makaa ya mawe na korosho, malori hayaishi.

Ila tuache utani, hao si ndio wale wanaojua mtu muongo kwa kumwangalia macho? Kama ni hao waje wanifundishe, kuna abiria wananiambia "nakuja na chenji sasa hivi" hadi leo nawasubiri.

#3 Nesi Mstaafu Lindi

Binti, salamu. Nimefanya uuguzi wa afya ya akili miaka mingi, sasa nimestaafu nipo hapa Lindi na kuku wangu. Sikusomea forensiki, ila nimepokea na kusindikiza wagonjwa waliotokea mahakamani. Ninachokijua nitakueleza.

Kwanza neno lenyewe. Limetokana na Kilatini, jina la ule uwanja wa Roma walikokutana watu kwa biashara na kwa kusikiliza mashauri. Baraza, kwa kifupi. Kwa hiyo forensiki haina maana ya maiti wala damu, maana yake ni "ya barazani, ya mahakamani". Mwanasaikolojia wa forensiki ni yule ambaye elimu yake ya akili na tabia inapelekwa mbele ya sheria. Ukilishika hilo, matawi yake yote utayaelewa: popote sheria inapokutana na akili ya mtu, hapo pana kazi yake. Kituo cha polisi, mahakamani, gerezani, hata kwenye mgogoro wa nani akae na mtoto wazazi wakiachana.

Kubwa zaidi, na ndilo linalowachanganya hata sisi wa hospitali: anayekaa mbele yako si mgonjwa wako. Mimi nilizoea mtu akinieleza siri yake inabaki kwangu. Huku ni kinyume. Mahakama imeuliza swali, wewe unakwenda kulitafutia jibu, na kabla mtu hajafungua kinywa unapaswa kumwambia: utakayoniambia yanaweza kuandikwa kwenye taarifa na hakimu atayasoma. Hiyo sentensi ni ngumu kuitamka mbele ya mtu anayelia. Kama dogo ana moyo wa kutaka kumponya kila mtu, akasomee saikolojia tiba.

Bodaboda, la macho. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Bond na DePaulo, walijumlisha tafiti nyingi za watu kukisia nani anadanganya. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50. Na huku kwetu ni hatari zaidi, maana kijana aliyelelewa vizuri hamkazii mkubwa macho. Anatazama chini kwa adabu, halafu ofisa mgeni anaandika "alionyesha dalili za hatia".

#4 Binti wa Shangani

Shikamoo mama. Hilo la kumwonya mtu kabla hajaongea sikuwahi kulifikiria. Sasa hayo maswali ya mahakama ni yapi? Ni kusema tu huyu kichaa, huyu mzima?

#5 Wakili wa Masasi

Naingilia hapa kwa ruhusa ya mama.

Mahakama haimuulizi mtaalamu kama mtu ni kichaa. Ina maswali mawili, na hata mawakili wachanga huyachanganya. La kwanza ni la LEO: mshitakiwa huyu anaweza kujitetea? Anaelewa anashitakiwa nini, anaweza kumwelekeza wakili wake? La pili ni la SIKU ILE: alipotenda, akili yake ilikuwaje? Mtu anaweza kuwa mzima leo, kachana nywele, anajibu vizuri, na siku ile alikuwa hajijui. Na kinyume chake pia.

Swali la pili lina historia. Mwaka 1843 London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini chama cha Peel kinamwandama. Akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, watu wakachachamaa, na majaji wakatoa masharti ambayo makoloni ya Uingereza yaliyarithi. Kwetu yamo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Sheria inaanza kwa kudhani kila mtu ana akili timamu. Anayedai vinginevyo athibitishe kuwa ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachotenda, au asijue kuwa hapaswi kukitenda, au ashindwe kujizuia. Hilo la kujizuia halimo kwenye masharti ya M'Naghten. Watunga sheria wetu walilipa nafasi, na mimi nawapongeza.

Kwa hiyo mtaalamu akija kortini na kusema "ana skizofrenia", ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, akakaa, amefanya nusu ya kazi. Mwenye skizofrenia anaweza kuiba kuku kwa njaa tu kama mtu mwingine yeyote. Inatakiwa aonyeshe huo ugonjwa uligusaje tendo lenyewe, saa ile.

Halafu dogo ajue mapema: kwetu sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa kazi hii daktari anayesimamia hospitali ya akili. Mahakama ikitilia shaka akili ya mshitakiwa inaagiza apelekwe, na daktari ana siku 42 kuleta taarifa ya maandishi. Mwanasaikolojia anaingia kupitia mlango wa daktari, kwa vipimo na mahojiano. Hata Marekani walibishania hili, hadi mwaka 1962 mahakama ya rufani ya Washington ilipoamua katika shauri la Jenkins kuwa mwanasaikolojia asikataliwe ushahidi wake juu ya ugonjwa wa akili kwa sababu tu hana udaktari wa tiba.

#6 Mkorosho Mkavu

Wakili, na mtu akiua kwa sababu kaambiwa na mganga kuwa jirani kamroga? Huyo si mgonjwa?

#7 Wakili wa Masasi

Mkuu, hapo ndipo elimu ya kitabuni inapokutana na kijiji. Imani inayoshirikiwa na watu wengi wa mahali pale haihesabiki kuwa ugonjwa, hata kama wewe na mimi tunaiona ya hovyo. Mtaalamu anatafuta kilichozidi pale. Kama kijiji kizima kinaamini uchawi, lakini huyu peke yake anasema jirani anamtumia amri kupitia mabati ya nyumba na kamwona akitembea ndani ya kifua chake, ndugu zake watakuwa wa kwanza kukwambia kuwa hapo si uchawi tena. Mtaalamu asiyejua desturi za huku atakosea pande zote mbili: atamwita mgonjwa mtu aliyelelewa hivyo, au atasema "ndiyo imani zao" na kumwacha mgonjwa wa kweli anyongwe.

#8 Nesi Mstaafu Lindi

Siku 42 za kwenye karatasi, wakili. Sisi wengine tumeziona zilivyo barabarani.

Anayeagizwa kuchunguzwa huishia Dodoma, Taasisi ya Isanga, iliyo pamoja na Hospitali ya Mirembe. Kutoka Mtwara kupitia Dar ni zaidi ya kilometa 900. Anasafiri na askari, na pingu. Ndugu hawana nauli ya kumfuata, kwa hiyo yule mtaalamu wa kule anaandika habari za mtu bila kumsikia mama yake, mke wake, wala jirani aliyemwona akianza kuongea peke yake tangu mvua za mwaka juzi. Na kwenye kazi hii maelezo ya ndugu ndiyo nusu ya uchunguzi! Mshitakiwa anaweza kuigiza ugonjwa, anaweza pia kuuficha maana anaona aibu. Anayejua ukweli ni aliyekuwa akilala naye nyumba moja.

Nilimsindikiza mmoja, sitasema wa wapi. Njia nzima ananiuliza, "Dada, nikisema nimepona nitarudi nyumbani?" Nikashindwa kumjibu. Mahakama ikiona mtu alitenda lakini ugonjwa ndio uliomfanya asiwe na hatia, hatoki mlangoni siku hiyo akaenda zake. Anabaki kizuizini kama mgonjwa, na wengine hukaa kuliko wangefungwa. Kule nako wanahitajika watu wa kupima kama sasa ni salama kurudi kijijini, na kama kijiji kitampokea. Binti, ukiniuliza mdogo wako atarudi Kusini kufanya nini, mimi ningeanzia hapo.

#9 Bodaboda Chikongola

Mama umenitoa machozi na mimi nimekuja kutania.

Swali langu la pili. Mwaka juzi kijiweni kwetu mtu alikwapuliwa simu, tulikuwa watu watano tunaangalia. Polisi walipouliza, mmoja kasema pikipiki nyekundu, mwingine nyeusi, mmoja akaapa walikuwa watatu. Mimi niliona wawili. Nani alikuwa muongo?

#10 Wakili wa Masasi

Hakuna. Na swali lako ni tawi zima la fani hii, tena ndilo nilipendalo, niwie radhi nitarefusha.

Mwaka 1901 Berlin, mwanasaikolojia William Stern na profesa wa sheria Franz von Liszt walipanga ugomvi wa uongo darasani, mmoja akatoa bastola. Wanafunzi wa sheria, watu wa kuchagua, wakatakiwa kueleza walichoona. Kila mmoja alikosea mahali, na makosa yalizidi pale pa vurugu, yaani palepale ambapo mahakama ingetaka kujua zaidi. Mwaka 1908 Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Harvard, akawaambia mawakili wa Marekani wasikilize wanasaikolojia. Walimcheka.

Baadaye akaja mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus. Mwaka 1974 yeye na mwenzake Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakauliza mwendo ulikuwa kiasi gani. Walioulizwa magari "yalipogusana" walitaja wastani wa kama kilometa 51 kwa saa. Walioulizwa "yalipobamizana", kama 66. Filamu ni zilezile! Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, watu 16 kati ya 50 waliosikia "yalipobamizana" walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 waliosikia "yalipogongana". Vioo havikuwapo.

Sasa tazameni Kiswahili chetu kilivyo na mtego. "Uliona panga?" na "Uliliona panga?" Hiyo -li- moja tu imeshamwambia shahidi kuwa panga lilikuwapo, kilichobaki ni yeye kusema kama alilitazama. Nimesikia askari na hata mawakili wenzangu wakiuliza hivyo kila siku bila kujua wanamjaza mtu panga kichwani. Kwa Kiingereza Loftus alilipima jambo la aina hiyohiyo kwa kubadili neno dogo la kabla ya jina, na waliodai kuona kitu ambacho hakikuwapo waliongezeka. Lugha zetu hizi bado zinasubiri mtu wa kuzichunguza namna hiyo. Dogo akitafuta mada ya tasnifu, namkabidhi hii bure.

Na majaji wetu si wageni wa jambo hili. Shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka shaka zote za kukosea ziondoke: ulimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, ulimjua kabla? Ukiwa na kesi ya wizi wa magunia ghalani saa nane usiku kwa mwanga wa tochi, hilo ndilo shauri la kuanzia.

#11 Mkorosho Mkavu

Haya, shahidi anakosea. Lakini aliyekiri mwenyewe? Mtu mzima na akili zake akiri kosa asilofanya? Mimi siamini hata kidogo.

#12 Bwana Jela wa Zamani

Mkorosho, amini. Nimekaa na wafungwa muda mrefu, nimewasikia.

Kuna bwana anaitwa Gisli Gudjonsson, wa Iceland. Kabla ya kuwa profesa London alikuwa askari mpelelezi Reykjavik. Akamhoji mtu aliyetuhumiwa kuiba pochi ya mwanamke, mtu akakiri kabisa na kuomba radhi. Baadaye ikaonekana pochi haikuibwa na mtu yeyote. Jambo hilo likamkaa, akaja kutengeneza kipimo cha kuona mtu ni mwepesi kiasi gani wa kukubali anachosukumiwa. Uchunguzi wa namna hiyo ulitumika kwenye rufaa ya wale watu sita wa kesi ya mabomu ya Birmingham, Uingereza, waliofungwa 1975 na kuachiwa 1991. Miaka 16 ndani. Mtu akikosa usingizi na akawa mwoga wa wakubwa, hatazami mbele. Anachotaka ni mahojiano yaishe.

Kuhusu yale ya tamthilia, ya kukisia muuaji ni mtu wa tabia gani, yapo ila ni kipande kidogo. David Canter wa Chuo Kikuu cha Surrey aliwasaidia polisi mwaka 1986 wakamkamata mbakaji na muuaji wa kando ya reli, ikasifiwa sana. Lakini mwaka 1992 mama mmoja aliuawa bustani ya Wimbledon, London, polisi wakafuata makisio ya mtaalamu hadi wakamwekea mtu asiyehusika mtego wa askari wa kike wa kujifanya mpenzi. Mwaka 1994 jaji akautupa ushahidi wa mtego huo. Muuaji halisi alipatikana na hatia mwaka 2008. Muda wote ule walikuwa wakimtazama asiye yeye.

Gerezani ndiko kwenye ajira nyingi kwa wenzetu, Uingereza hasa. Kule wanapima nani akitoka atarudia. Mwaka 1990 Wakanada, Andrews na Bonta na mwenzao, waliweka kanuni ambayo ningependa kila mkuu wa gereza aijue: nguvu nyingi uzipeleke kwa mwenye hatari kubwa, na yule wa hatari ndogo usimguse sana, maana ukimchanganya na wakubwa unamharibu. Sisi tulikuwa tunalijua bila kitabu. Kijana wa kesi ya kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo, analetwa, analala ubavuni mwa jambazi wa miaka kumi, akitoka ana namba za simu za watu asiopaswa kuwajua.

Ila na vipimo vyenyewe tusiviabudu. Kipo maarufu cha Robert Hare, vipengele 20, kila kimoja alama sifuri hadi mbili, cha kupima usaikopathi, yaani hali ya mtu asiye na huruma wala majuto. Kimoja kinauliza kuhusu ndoa nyingi za muda mfupi. Jamani! Kwa kipengele hicho wajomba zangu wa Newala wote wameshapata alama mbili kabla hawajakaa kwenye kiti.

#13 Bodaboda Chikongola

😂😂😂 Bwana Jela umewamaliza wajomba.

#14 Nesi Mstaafu Lindi

Mmesahau watoto. Na mimi nadhani Mtwara na Lindi hapo ndipo penye kazi ya kesho asubuhi, haihitaji kusubiri jengo wala maabara.

Mtoto aliyefanyiwa ukatili anaulizwa na mama, kisha shangazi, kisha mwalimu, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kisha daktari anayejaza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha ofisa ustawi wa jamii. Hapo hajafika kortini. Kila mmoja anamuuliza kwa namna yake, na wengi wanamtajia jibu: "Ni mjomba, eti?" Mtoto wetu kafundishwa kutobishana na mkubwa, anasema ndiyo. Kesho mwingine anauliza tofauti, anasema ndiyo tena. Wakili wa utetezi anakuja na hizo ndiyo mbili, kesi inakufa na mtoto anaonekana muongo.

Anayejua kazi anakaa chini, sakafuni ikibidi, anasema: "Nieleze ilivyokuwa, tangu ulipotoka nyumbani." Halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sheria yetu ya ushahidi, tangu marekebisho ya 2016, inamruhusu mtoto mdogo atoe ushahidi bila kiapo, mradi aahidi mahakama kusema kweli na si uongo. Ahadi atatoa. Ila kama kichwa chake kimeshajazwa maneno ya watu saba, atasema kweli ipi?

#15 Binti wa Shangani

Nimemsomea dogo uzi wote. La Isanga limemnyamazisha. Sasa njia ya shule ikoje?

#16 Wakili wa Masasi

Asitafute shahada ya kwanza yenye jina hilo, popote pale fani hii inajengwa juu ya saikolojia ya kawaida. Hapa nchini aanze na shahada ya saikolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wanayo ile ya elimu katika saikolojia. Uzamili wa saikolojia tiba upo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Au aje upande wetu wa sheria, au ustawi wa jamii, kisha asogee. Ubobezi wenyewe aende nje akipata ufadhili. Marekani Chama cha Wanasaikolojia kiliutambua rasmi mwaka 2001 na wengi wao wana uzamivu. Uingereza jina la cheo hicho linalindwa kisheria, huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa. Kuna tawi zima la Marekani la kusaidia mawakili kuchagua wananchi wa kuamua hatia. Hilo aliruke, kwetu anayehukumu ni hakimu na jaji.

Ajira yenye jina hilo mlangoni asitegemee. Ataajiriwa kama ofisa ustawi, mshauri nasaha, askari magereza au mhadhiri, na kazi hii ataifanya ndani ya hiyo.

#17 Nesi Mstaafu Lindi

Mwambie Jumamosi apande basi la asubuhi aje Lindi, nipo. Nitampeleka kwa familia moja iliyompokea ndugu yao kutoka Dodoma, nikiwaomba ruhusa kwanza. Asije na daftari. Mama yake aniletee ming'oko, huku sokoni imekuwa ya kuotea.

#18 Binti wa Shangani

Kakubali mama. Kauliza aseme yeye ni nani akifika kwa hao watu. Nimemwambia akuulize wewe.